Namna ya Kuwatunza Washindi na Majaji Kwenye Tamasha la Sanaa la Mtaa: Mwongozo Kamili kwa Kamati za Arusha na Moshi

Simu ninazopigiwa na kamati za matamasha ya mitaa, kuanzia Ngaramtoni hadi Majengo ya Moshi, zinafanana. Maonyesho yalikwenda vizuri, watu walijaa, ngoma zilipigwa. Ikafika saa ya kutoa tuzo, mambo yakaharibika. Mshindi kaitwa kwa jina lisilo lake. Majaji wamekaa nyuma ya spika na hakuna aliyewataja. Ndani ya bahasha ya zawadi mna kikaratasi kinachosema "utalipwa Jumatatu", na Jumatatu hiyo ikaja baada ya miezi mitatu.

Nimekaa kwenye kamati za namna hii kwa miaka mingi. Karibu makosa yote hayo nimeyaona kwa macho yangu, na baadhi yalitokea dhamana ikiwa mikononi mwangu. Yanatokea kwa sababu utoaji wa tuzo huachwa uwe kazi ya siku ya mwisho, wakati kila mtu amechoka.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwangu mimi, kumtunza msanii ni kumtaja kwa jina lake sahihi, kumsimamisha karibu na kazi yake, na kueleza mbele ya watu kwa nini kazi hiyo imeshinda. Hatua zote zilizo hapa chini zinalinda mambo hayo matatu.

Vifaa vya kuandaa kwanza

Nachukulia tamasha la washiriki 40, kila mmoja na kazi moja, makundi manne (uchoraji, uchongaji, ufinyanzi na ususi), washindi watatu kila kundi, na majaji watano. Kama lenu ni dogo, punguzeni idadi. Msiondoe kifaa.

- Daftari moja la usajili, si madaftari matatu yanayozunguka kwa watu tofauti.
- Karatasi za alama 200 (kazi 40 mara majaji watano), na 20 za akiba.
- Vyeti 12 vya washindi na 5 vya majaji kwenye karatasi nene ya gramu 250, pamoja na vyeti sita visivyojazwa jina.
- Vyeti 40 vya ushiriki.
- Ngao 12 za mbao.
- Bahasha 12, fomu za kupokea zawadi, wino wa kidole gumba.
- Stendi nne za mbao za kusimamishia picha, na meza mbili imara za vyungu na vinyago.
- Vitambaa vya kufunikia kazi, vibanio vya nguo na kamba. Upepo wa alasiri hauna simile na karatasi.
- Vipaza sauti viwili na jenereta lenye mafuta ya kutosha.
- Viti 17 vyenye majina: 12 vya washindi na 5 vya majaji.
- Shuka tano za kuwavisha majaji.

Hatua ya 1: Kibali na tarehe (wiki nane kabla)

Anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha nendeni kwa Afisa Utamaduni wa Jiji la Arusha au wa Manispaa ya Moshi. Yeye ndiye atakayewaelekeza yanayohusu BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ambalo lipo kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984. Polisi nao wapelekewe barua mapema.

Epukeni masika, yaani Machi hadi Mei, kama uwanja hauna paa. Juni na Julai Arusha kuna baridi na manyunyu, na wazee hawatakaa nje hadi jioni.

Hatua ya 2: Waalikeni majaji kwa barua (wiki sita kabla)

Jaji anayepigiwa simu juzi yake huja kama msaidizi. Jaji aliyepelekewa barua huja kama jaji.

Barua iwe na mambo haya: tarehe na saa za kazi, idadi ya kazi atakazoziangalia, vigezo, kiasi cha posho, nani analipa nauli na chakula, na swali moja la wazi: je, kuna mshiriki ambaye ni ndugu yako, mwanafunzi wako au mteja wako? Akiwepo, jaji huyo hatampa alama mshiriki huyo, na jambo hilo liandikwe. Msilione swali hili kama tusi. Linamlinda jaji mwenyewe, maana mji wetu ni mdogo na maneno yanatembea.

Kuhusu nani wa kumwalika, nina msimamo. Kila kundi liwe na angalau jaji mmoja anayeijua kazi ile kwa mikono yake. Niliwahi kumtazama mama mmoja mfinyanzi akiwa jaji. Wenzake walikuwa wanasifia nakshi za chungu kikubwa kilichokuwa katikati ya meza. Yeye alikigonga kwa kucha, akainamisha sikio, akakigonga tena upande wa pili. Chungu kizima hulia kama kengele ndogo, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Kile kilikuwa na ufa chini ya rangi. Hakuna mwalimu wala mheshimiwa ambaye angeligundua hilo.

Chagueni idadi isiyogawanyika kwa mbili, watatu au watano. Majaji wanne watawaleteeni sare ya wawili kwa wawili saa mbaya kabisa.

Hatua ya 3: Agizeni ngao mapema (wiki tano kabla)

Ngao iliyochongwa na fundi wa hapa hapa ina heshima kuliko kombe la plastiki la dukani, na fedha inabaki kwa msanii. Mwambieni fundi atumie mbao zilizokauka na zenye vibali. Mti mbichi ukichongwa unapasuka wenyewe, mara nyingi katikati ya maandishi. Kama ni mpingo, mpeni wiki tatu au zaidi. Ni mti mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini, na patasi haiwezi kuharakishwa.

Ngao za kupakwa rangi ya mafuta kwa mtindo wa Tingatinga zikamilike wiki nzima kabla ya siku yenyewe. Rangi ile ya kung'aa hukauka juu kwanza, ndani ikabaki laini. Mwaka mmoja tulipokea ngao jioni ya kuamkia tamasha tukazifunga kwenye magazeti. Asubuhi nilipofungua ya kwanza, gazeti lilitoka na shingo ya twiga, na herufi za habari zikabaki zimegeuka juu ya rangi ya njano. Aliyeipokea alishukuru kwa adabu. Mimi sijaisahau.

Zipokeeni ngao mezani, moja moja, mkiwa na orodha. Gusa kila moja kwa kidole kwenye rangi nene. Kidole kisiache alama.

Hatua ya 4: Majina (siku ya usajili)

Hapa ndipo heshima inapopotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwaka mwingine mchongaji aliyeshinda aliitwa mara mbili kwa jina la ukoo lililokosewa. Alikuwa amesimama hatua nne tu kutoka jukwaani, kofia mkononi, na hakusogea. Tukadhani hayupo. Tukamwita mshindi wa pili apokee tuzo ya kwanza. Ukweli ulipojulikana, watu walikuwa wameshapiga picha. Yule mzee aliondoka na cheti ambacho jina lake limekatwa kwa kalamu na kuandikwa upya pembeni. Kosa lilianzia kwenye daftari la usajili, ambako kijana wetu aliandika alivyosikia.

Fanyeni hivi:

Msanii aandike jina lake mwenyewe, kwa herufi kubwa. Asiyeandika aoneshe kitambulisho, na karani anakili kutoka hapo. Nnko ana N mbili, Mmari ana M mbili, Pallangyo na Mollel wana L mbili. Anayetoka mbali na kaskazini hatalijua hilo, na printa haitawasahihishia.

Muulizeni anataka aitwe nani jukwaani. Wengine wana jina la kisanii ambalo ndilo wateja wanalolijua. Cheti kibebe yote mawili.

Andikeni namna jina linavyotamkwa, kwa silabi, pembeni ya daftari. Hii ni ya mshereheshaji.

Andikeni pia jina la kazi, vifaa alivyotumia, na nambari ya simu ya msanii na ya mtu mwingine wa karibu naye.

Siku mbili kabla ya kuchapa, pigeni simu kwa wote 40 na kuwasomea herufi moja moja. Kazi hiyo inachukua asubuhi moja ya watu wawili. Msichape cheti chochote kabla ya simu hizo.

Kama mshiriki ni mtoto, mzazi au mlezi asaini kukubali picha zake kutumika.

Hatua ya 5: Alama

Vigezo vitangazwe kwenye fomu ya kujiandikisha, si baada ya kazi kuletwa. Mgawanyo ninaoutumia ni ubunifu 40, ufundi 30 na ujumbe 30. Kila jaji ajaze peke yake, kwa kalamu ya wino, kabla ya mazungumzo yoyote. Jaji mmoja mwenye sauti kubwa anaweza kuwavuta wenzake wanne bila kukusudia.

Wakiwa watano, ondoeni alama ya juu kabisa na ya chini kabisa, kisha mpate wastani wa tatu zilizobaki. Tazama sababu yake. Msanii wa kwanza amepata 78, 81, 80, 79 na 52. Wa pili amepata 76, 77, 75, 76 na 76. Kwa wastani wa kawaida, wa kwanza ana 74 na wa pili 76, kwa hiyo wa pili anashinda. Lakini majaji wanne kati ya watano walimpa wa kwanza alama za juu kuliko mwenzake. Ukiondoa alama za pembeni, wa kwanza anapata 79 na wa pili anabaki na 76. Jaji mmoja aliyeamka vibaya hakuweza kupindua uamuzi wa wenzake.

Wakilingana, angalieni jumla ya alama za ubunifu. Wakilingana tena, wagawane. Kama ya kwanza ni shilingi 500,000 na ya pili 300,000, jumlisheni mpate 800,000 na kila mmoja achukue 400,000. Nafasi ya pili haitolewi.

Mwisho wa kazi, majaji wote wasaini karatasi moja ya matokeo. Ifungwe kwenye bahasha, na juu ya mfuniko wasaini mwenyekiti wa majaji na katibu wa kamati.

Onyo: hapa ndipo zinapoingia simu za "tunaomba mumwangalie yule kijana". Mwenye simu hiyo ajibiwe kwamba karatasi zimeshasainiwa. Ndiyo maana zisainiwe siku hiyo hiyo.

Walipeni majaji posho na nauli kabla hawajaondoka. Jaji aliyetoka Karatu, safari ya zaidi ya kilomita 100, asianze kuuliza fedha yake kwa aibu stendi ya mabasi.

Hatua ya 6: Maneno ya sifa

Kamati nyingi huliruka hili, na kwangu lina thamani kuliko ngao. Mwombeni jaji wa kila kundi aandike sentensi mbili au tatu kuhusu kila kazi iliyoshinda, akiwa bado anaiona mbele yake.

Hii haisaidii: "Kazi nzuri sana, yenye ubunifu wa hali ya juu na ujumbe mzito kwa jamii." Inaweza kusomwa kwa mtu yeyote, mwaka wowote.

Hii inasaidia: "Mchoraji ametuonyesha mama akipanga mafungu ya nyanya Soko la Kilombero alfajiri. Nyanya ya juu kabisa ameiacha mkononi mwake, hajaiweka bado, na macho yetu yote yanasubiri pale. Nyekundu ameitumia mahali pamoja tu kwenye picha nzima."

Unaona tofauti. Msanii anayesikia maneno haya anajua kwamba ameangaliwa. Anayesikiliza anageuka kuitazama picha. Na aliyeshindwa anapata cha kujifunza, hataondoka akisema kuna upendeleo.

Jaji akisema hana la kuandika, rudini naye mbele ya kazi na mumuulize: jicho lako lilisimama wapi kwanza?

Hatua ya 7: Fedha iwepo kabla ya hotuba

Sheria yangu ni fupi: zawadi isiyokuwa mkononi mwa mhazini siku mbili kabla haitangazwi. Mfadhili anayeahidi jukwaani ashukuriwe, na ahadi yake iandikwe kuwa ya mwakani.

Mkilipa kwa simu, hakikini jina la laini. Wasanii wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa kaka au mke, na fedha iliyokwenda kwa jina lingine huleta ugomvi nyumbani kwa watu. Kabla ya kuthibitisha muamala, jina hutokea kwenye simu. Msomeeni msanii na akubali. Awe analipwa taslimu au kwa simu, asaini fomu ya kupokea.

Ile hundi kubwa ya mfano siipendi. Inapendeza kwenye picha, lakini nimeona mshindi akipanda nayo daladala ya Usa River huku mfukoni hana nauli.

Hatua ya 8: Jukwaa

Pangeni watazamaji waelekee kaskazini. Arusha wataona Meru nyuma ya washindi, na Moshi wataona Kilimanjaro, mawingu yakiruhusu. Uzuri si sababu pekee. Saa kumi jua liko magharibi, kwa hiyo mwanga utawapiga washindi ubavuni, hautawachoma macho wala hautakuwa mgongoni mwao ukawatia weusi kwenye picha.

Majaji wakae safu ya mbele, upande wa kulia wa meza kuu. Washindi wakae mahali pa kufikia jukwaa bila kuruka miguu ya watu. Jenereta liwe mbali, nyuma ya ukuta.

Jioni ya kuamkia siku hiyo fanyeni mazoezi na mshereheshaji. Asome majina yote 17 kwa sauti, ukiwa na daftari lenye silabi. Asipoyasoma vizuri mara mbili mfululizo, arudie.

Hatua ya 9: Hafla yenyewe

Anzeni saa 9:30 alasiri na mmalize kabla ya saa 11. Jua huzama kabla ya saa moja, na washiriki wa Monduli na Longido wanahitaji usafiri wa kurudi.

Vyeti vya ushiriki vigaweni asubuhi, kila msanii kwenye meza yake, kwa mkono na kwa jina. Mkiwaita watu 40 jukwaani kwa sekunde 45 kila mmoja, mmepoteza nusu saa na watazamaji wameondoka kabla ya washindi. Jukwaani waombeni washiriki wote wasimame walipo na wapigiwe makofi ya pamoja.

Kisha majaji, kabla ya washindi. Kamati nyingi huwaweka mwisho, wakati viti vinakusanywa. Mwiteni kila jaji kwa jina na kazi yake kwa sentensi mbili, avishwe shuka, apewe cheti. Avishwe na msanii mzee kuliko wote kwenye tamasha. Kwa upande wa Moshi mtu akipendekeza kutumia jani la sale, waulizeni wazee kwanza, maana kwa Wachagga sale ni la amani na la kuomba msamaha, halishikwi kama pambo tu. Mwenyekiti wa majaji aongee dakika nne: vigezo vilikuwa nini, alama zilihesabiwaje, na nini wameona kwa ujumla.

Ndipo washindi. Kwa kila kundi anzeni na wa tatu, mmalizie na wa kwanza. Kazi iletwe ikiwa imefunikwa, iwekwe kwenye stendi, ifunuliwe jina linapotajwa. Jaji asome maneno ya sifa. Mgeni rasmi akabidhi tuzo, jaji akiwa amesimama pembeni yake. Itifaki yetu inampa mgeni rasmi nafasi hiyo na sioni haja ya kugombana nayo. Ila asimame upande mmoja wa kazi na msanii upande wa pili, ili kazi iwe katikati ya picha.

Mpeni mshindi wa kwanza wa kila kundi dakika moja ya kipaza sauti. Wengi watamshukuru Mungu, mama na fundi aliyewafundisha. Msimkatize.

Umeme ukikatika na jenereta likagoma, endeleeni kwa sauti ya mdomo. Sogezeni watu karibu.

Utajua hafla imekwenda sawa ukiona watu hawakimbilii geti baada ya tuzo ya mwisho. Wanakwenda kwenye stendi, wanainama, wanatafuta ile nyanya iliyobaki mkononi.

Hatua ya 10: Siku saba zinazofuata

Matokeo yaliyosainiwa yabandikwe ofisi ya mtaa na yatumwe kwa washiriki wote. Msitangaze alama za jaji mmoja mmoja. Tangazeni wastani.

Msanii yeyote ambaye hakushinda akitaka kujua alipopungukiwa, asomewe maoni ya kazi yake, faragha. Nimewaona watu waliorudi mwaka uliofuata na kazi tofauti kabisa kwa sababu ya dakika kumi hizo.

Kila jaji apelekewe barua ya shukrani yenye jambo moja mahsusi alilolifanya. Kwa yule mama tuliandika kuhusu chungu na kucha yake. Mwanawe aliniambia barua ile iko ukutani, ndani ya fremu, pembeni ya picha ya harusi.

Kazi zote zirudishwe kwa wenyewe zikiwa nzima, kwa kusaini kwenye daftari lile lile la usajili, kwenye mstari ule ule wenye jina waliloliandika wenyewe.